Mama Mkwe Wangu Aliumwa Kichwa Tu

Nandwele, Newala
Jumatano, tarehe 15 Agosti 1956

Kwa Bwana Daktari,
Hospitali Ndogo ya Nandwele.

(Nakala: Bwana Liwali, Padre wa mtaa wetu, na yeyote mwingine aliyebakiwa na adabu.)

KUHUSU: KUONDOLEWA KAZINI KWA ESHA BINTI DADI KABLA HAJATUMALIZA

Bwana Daktari,

Shikamoo. Kwa hesabu ya miaka ningestahili kuipokea mimi, maana siku ulipozaliwa huko kwenu mimi nilikuwa nimekwisha kubatizwa na kung'olewa magego mawili; lakini cheo ni cheo, nami si mtu wa kugombania salamu. Natumaini hujambo, na kwamba maji yetu yameacha kukuendesha tumbo. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haina afya, na ugonjwa wake uko ndani ya chumba chako, umeketi kwenye kigoda changu.

Ili usije ukanichanganya na walalamishi wa kawaida, nijitambulishe upya. Ndimi Cyril Nammelo, Baba Lois, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Nilisoma shule ya misheni mpaka Kiingereza kikaniingia. Nilipanda huku juu kwa ajili ya kuoa, kwa kuwa desturi ya huku mume hufuata kwao mke, nikajifunza Kimakonde, na kwa miaka kumi na moja nikawa mkalimani wa hospitali hii chini ya madaktari watatu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyenilalamikia, wala sikusikia lalamiko kutoka kwa wagonjwa, waliopona na wale wengine. Nimefundisha hata watu. Basil, ambaye leo ni mkalimani wa hospitali kubwa ya pwani, alisimama nyuma yangu mwaka mzima akijifunza namna ya kutafsiri kwa heshima.

Mwezi wa Mei ukafika wewe. Wiki ya tatu ukanitoa chumbani, ukaniweka langoni nigawe vibati vya namba. Kiingereza changu, ambacho padre mmoja alikisifu mbele ya watu, sasa kazi yake ni kusema moja, mbili, tatu, tena kwa Kimakonde. Na mahali pangu ukamweka Esha binti Dadi, mjane wa Makote, asiyejua kuandika hata jina lake. Ana lugha nne, sikatai: Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kiswahili, ambacho wewe umekuja unakijua tayari. Lakini mdomo unaozibeba lugha hizo hauna mlango. Huyu ni kungwi, Bwana Daktari. Ndiye anayewafunda wasichana wa huku wakivunja ungo. Hakuna kiungo cha mwili wa binadamu ambacho hajawahi kukitaja kwa sauti, na vingine amevitaja kwa wimbo.

Lango liko hatua nne kutoka dirisha lako, na dirisha halina kioo. Yote nitakayoyaandika nimeyasikia kwa masikio yangu. Sikutega, yalinijia yenyewe.

Nina malalamiko matatu tu.

1. La kwanza. Magonjwa yameongezeka. Fungua kitabu cha wagonjwa cha zamani uone usafi wake. Kwa miaka kumi na moja watu wa hapa walikuwa na magonjwa matatu: kichwa, homa na kidonda. Kidonda nilikikubali kwa kuwa daktari ana macho. Sasa fungua kitabu cha tangu Juni. Kuna figo. Kuna ini. Kuna safura, kuna watu wanne wa nyumba moja wenye kifua kikuu, kuna mtu mwenye moyo mkubwa kuliko unavyotakiwa. Halfani, dresa wako wa kufunga vidonda, mtu mpole asiyependa makuu, amelazimika kuchora mistari mipya kwenye kurasa kwa sababu ile ya zamani haitoshi. Wilaya yenye afya imegeuzwa wilaya ya wagonjwa na mwanamke mmoja mwenye ugoro. Mimi sikuleta hapa ugonjwa mpya hata mmoja. Bwana Gavana akikiona kitabu hicho atadhani tumeingiliwa na tauni, na atauliza ilianza lini, na tarehe itakuwa ile ile niliyopewa vibati.

2. La pili. Esha anapoteza muda wa Serikali. Ninyi madaktari, samahani, ni watu wa maneno mengi. Mnaeleza dawa moja kwa robo saa: asubuhi viwili, jioni kimoja, usinywe na tumbo tupu, chemsha maji, rudi siku ya saba, ukiona hivi njoo mbio. Maneno yote hayo mimi niliyapokea kwa subira, nikamgeukia mgonjwa, nikamwambia, “Meza.” Neno moja. Aliyepewa dawa ya kuchua naye nilimwambia hivyo hivyo, maana mimi si mbaguzi. Mzee mmoja wa Mnyambe alimeza dawa ya goti, chupa nzima. Kama goti lilipona au halikupona sijui, hakurudi kutueleza.

Esha hana huruma hiyo. Ukisema maneno mia, naye anafikisha mia. Halafu anamtaka mgonjwa ayarudie, kama mtoto wa darasa la kwanza, na akikosea anaanza upya. Siku ile ulipotaka maji yachemshwe, mwanamke alijibu kwamba maji yenyewe anayapandisha kichwani kutoka bondeni, anatoka nyumbani jogoo wa kwanza na kurudi jua la utosini, na akiyachemsha yatapungua. Mimi ningemkaripia, tukaendelea na mwingine. Esha alikugeukia akakueleza bonde lote, kona kwa kona, pamoja na mahali ambapo watu huteleza. Na wewe, mtu mwenye cheo, ukaweka kalamu chini ukasikiliza bonde.

Matokeo yake wagonjwa wameanza kuuliza. Juzi bibi mmoja alitaka kujua dawa aliyopewa inakwenda kufanya nini ndani ya mwili wake. Mwili ni wake, kweli, lakini dawa ni ya Serikali.

3. La tatu. Siri za wakubwa zimeanikwa. Jumbe Bwanali ni mtu mzito, unamfahamu, yule wa kofia nyekundu. Kila alipokuja nilimwambia daktari kwamba Bwana Jumbe amechoshwa na kazi za Serikali. Alipewa chupa ya kuongeza nguvu akaondoka na heshima yake yote. Mwezi wa Juni alikuja kama ada. Esha alimwamkia vizuri, hilo nilisikia, kisha akamuuliza mambo matatu. Kwenye la tatu Jumbe alianza kuikagua kofia yake. Basi Esha, bila hata kupunguza sauti, akakueleza kwamba uchovu wa Jumbe uko kwenye haja ndogo, kwamba aliupata Lindi wakati wa mkutano, na kwamba wake zake wawili nao waitwe wachomwe sindano. Waliitwa. Walikuja. Yule mkubwa alikuja amenuna, lakini alikuja.

Sasa wamepona wote watatu, na mke mdogo ana mimba baada ya miaka mitano ya kusemwa. Unadhani nimeshukuriwa kwa kuitunza siri hiyo miaka yote? Jumbe amesimama langoni mbele ya watu akaniuliza, “Baba Lois, ule uchovu wa Serikali ulikuwa unautoa wapi?” Watu wakacheka, na wengine walikuwa wameshika vibati nilivyowapa mwenyewe.

Nilisema malalamiko ni matatu. Nimeyahesabu upya nikaona niliyapunja.

4. La nne. Hili ni zito, naomba ulisome polepole. Kuna kitu kinaitwa haki. Mwalimu wa shule akiugua hueleza kwa Kiswahili safi kwamba anaumwa upande wa kulia, chini ya mbavu, tangu Ijumaa. Basi hutibiwa upande wa kulia, chini ya mbavu. Karani wa boma vivyo hivyo. Hiyo ni haki yao, waliisotea: walikaa darasani miaka, walichapwa, walikula maharage yenye wadudu. Ugonjwa wenye jina lake ni tunda la elimu. Mkulima ambaye hakusoma, mwenye Kimakonde chake tu, aliridhika na kichwa, akapewa kidonge cheupe, akarudi kwenye mikorosho yake. Kila mtu alikuwa na ugonjwa wa kiwango chake na hakuna aliyemwonea mwenzake wivu.

Esha amevuruga mpango huo wote. Mwezi uliopita mke wa mwalimu na mwanamke mmoja mchota maji walikutwa na ugonjwa mmoja, wa figo. Wakapewa dawa moja kutoka chupa moja. Wakaketi benchi moja wakilinganisha maumivu, kama mashoga. Mke wa mwalimu, ambaye ni muungwana, alipita langoni akaniambia kwa unyonge kwamba hakujua kama na wale wana figo. Kama mtu anaweza kuugua sawasawa na msomi bila kushika hata kalamu, basi shule hizi tulijengewa za nini? Mimi nakuonya mapema. Leo watu hawa wanaulizwa wanaumwa wapi, wanajibu, na wanasikilizwa. Kesho watataka kuulizwa nani awatawale. Hapo usije ukasema Cyril hakukuambia.

5. La tano nimelifuta kwa sababu lilimhusu Mama Lois, na Mama Lois anajua kusoma.

6. La sita. Hapa, Bwana Daktari, naomba uketi.

Mke wangu Ethel, huyo Mama Lois, ni mtoto wa Yuliana wa kijiji hiki. Yaani Yuliana ni mama mkwe wangu. Jina lake naliandika kwa mara ya kwanza maishani, na ninaliandika kwa sababu karatasi haina uso. Sijui kwenu mama mkwe ni kitu gani. Nimesikia mnaketi naye meza moja na kumbusu shavu. Sihukumu mila za watu. Kwetu mama mkwe akija njiani, mkwe huingia ndani ya mihogo mpaka apite. Hamtazami. Hali chakula mbele yake. Na mwili wake, kuanzia shingoni kwenda chini, kwa mkwe haupo. Mama mkwe ni kichwa, na chini ya kichwa ni kanga.

Wala hakai peke yake katika cheo hicho. Dada zake wote ni mama wakwe zangu, na binamu zao, na ukoo huu ni mkubwa. Katika wanawake wazima wa kijiji hiki, nusu nzima ni wakwe zangu. Sasa wewe niambie, mwanamke wa namna hiyo akija hospitali, mkalimani mwenye malezi angetaja nini? Nilitaja kilichopo. Ukipekua kitabu cha zamani utakuta kijiji kizima cha wanawake wenye kichwa. Daktari aliyekutangulia aliandika hadi ripoti, akaituma Dar es Salaam, kwamba wanawake wa nyanda hizi huumwa kichwa kwa sababu ya kubebea maji kutoka bondeni. Sikumsahihisha, maana ilikuwa ripoti nzuri na yenye ramani.

Mama mkwe alianza kuja mwaka juzi, wakati wa palizi. Nilisimama kama adabu inavyotaka, nje ya mlango, uso ukutani, yeye akazungumza na mlango. Alisema kwa upole wake kwamba mwili haumpi amani, na kwamba kama yupo mwanamke humu ndani angependa kuzungumza naye. Hakuwepo. Nikamwambia daktari, kichwa. Daktari akauliza mbona ameshika tumbo. Nikamweleza kwamba watu wa huku kichwa kikiwauma hushika tumbo. Aliandika hivyo hivyo.

Alikuja kila mwezi. Alipokea vidonge vyeupe, akaushukuru ule mlango, akaenda zake. Na tazama adabu ya mwanamke huyu, Bwana Daktari, nataka uitazame: alipofika mara ya nne aliacha kushika tumbo. Akaanza kushika kichwa, mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, ili nisionekane mwongo mbele ya daktari. Karibu miaka miwili alishika kichwa. Alikonda, hilo sikatai. Nilipokuwa nimejificha kwenye mihogo nilikiona kivuli chake kikipita, nikaona kimekuwa chembamba. Lakini kuuliza si kazi ya mkwe.

Mwisho wa mwezi uliopita Ethel alimleta mwenyewe, amemshika mkono, na Esha ndiye aliyekuwa kwenye kigoda. Esha aliwatoa watu wote, hata Halfani dresa. Wewe mwenyewe uligeuzwa ukatazame dirishani, ndipo tukakutana macho, mimi na wewe, ukumbuke. Akaketi sakafuni na mama mkwe. Wakanong'onezana muda wa kupika ugali. Nilisikia kilio, kidogo. Halafu nikasikia kicheko cha wote wawili, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi, maana hakuna ajuaye kama hawakunicheka mimi. Kisha Esha akainuka, akakwambia kwa maneno machache kuliko kawaida yake: “Bwana, mama huyu anatoka damu, mwaka wa tatu sasa. Pana uvimbe, hapa. Kichwa hakijamuuma hata siku moja. Alimwonea haya mkwewe, na mkwewe akamwonea haya yeye.”

Ukatoka nje na kitabu mkononi. Ukaniuliza kwa nini kimeandikwa kichwa mara ishirini na sita. Nikakujibu, “Heshima, Bwana.” Ulikifunga kitabu ukarudi ndani. Nilichukulia kwamba umeridhika.

7. La saba, na ndilo la mwisho. Tazama sasa madhara yake. Tangu Jumanne ya wiki iliyopita mama mkwe yuko hospitali kubwa ya pwani, alikopelekwa kwa lori pamoja na barua yako ili apasuliwe. Umesema uvimbe usipotolewa hataziona mvua za mwaka huu. Kabla ya Esha, mwanamke huyu alikuwa na kichwa tu. Baada ya Esha anakufa. Wewe ni msomi. Nakuachia upime mwenyewe nani amemfikisha hapo.

Na nyumbani kwangu pameharibika. Niseme nyumbani kwa mke wangu, maana nyumba ni ya kwao, mimi ni mtu wa kuja. Ethel amekunja mkeka wake akahamia nyumba ya mama yake. Chakula analeta. Anakiweka kizingitini, anakifunika kwa ungo, anaondoka bila hodi wala karibu. Miaka kumi na tisa ya ndoa ya kanisani, Bwana Daktari, na sasa ninazungumza na ungo. Jumapili baada ya ibada alikuja mjomba wake, Bartholomayo, kaka wa mama mkwe, ambaye katika ukoo huu ndiye mwenye kauli. Nilimwekea kiti. Hakuketi. Alisema, “Baba Lois, dada yangu akirudi mzima, tutakaa tuzungumze kama watu. Asiporudi, sanduku lako unajua lilipo, na njia ya Lupaso hukuanza kuijua leo.” Kisha akaniaga vizuri, kwa jina la mwanangu, kama vile alikuja kuomba moto.

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo. Esha binti Dadi aachishwe kazi kabla ya mwisho wa mwezi huu, arudi Makote kwa wasichana wake. Mimi nirudishiwe kigoda. Itangazwe langoni kwamba kila mgonjwa afike na ugonjwa unaotajika mbele za watu, na asiyekuwa nao asubiri nyumbani mpaka apate mwingine. Na kurasa zote za tangu Juni zichanwe, ili wilaya irudi katika afya yake ya zamani.

Najua utasema watu wanapona. Watu wanapona, ndiyo, nimewaona wakipita langoni wakirudisha vibati na kucheka. Lakini kupona si kila kitu. Mtu anaweza kupona akabaki bila haya, na huyo utamtibu kwa dawa gani?

Nifunge hapa kwa kuwa karatasi imekuwa fupi kuliko uchungu wangu. Nisalimie Halfani dresa, ingawa tunaonana kila siku. Nisalimie wagonjwa wote wa wodini, kila mmoja kwa ugonjwa wake mpya. Msalimie Bi mkubwa wako huko Ulaya, na watoto, na mama mkwe wako kuanzia shingoni kwenda juu. Hata Esha mpe salamu. Sisi wa Masasi hatunyimani salamu.

Ni mimi niliyekuwa mdomo wako, na sasa ni bawabu wako,

Cyril Nammelo
(Baba Lois)

Baada ya kutia sahihi: Bwana Daktari, usimpe mtu nakala. Sina karatasi nyingine, na muda hakuna, ndiyo maana nakuandikia chini ya maneno yale yale.

Lori la kutoka pwani limefika sasa hivi, jua bado liko juu, na dereva amenipa barua ya Basil. Umkumbuke Basil, mwanafunzi wangu. Nilisahau kukuambia kwamba amemwoa mtoto wa dada yake mama mkwe. Kwa hiyo naye ni mkwe. Ameandika hivi, ninainakili kama ilivyo:

“Ndugu yangu Baba Lois, usiwe na wasiwasi. Madaktari wa huku walisoma ile barua iliyokuja na mama yetu, wakaanza kumuuliza mambo ya aibu. Sikuyafikisha. Nilisimama nje ya mlango, uso ukutani, nikawajibu kwa niaba yake kwamba tumbo halina neno, ni kichwa tu, wala hataki kuguswa, wala hataki kisu. Wamesema hawawezi kumpasua mtu asiyekubali. Jumamosi atarudi na lori, amepewa vidonge. Mama ni mtu wa adabu sana. Walipomtazama alishika kichwa. Heshima yake nimeitunza kama ulivyonifundisha.”

Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliisoma kwa sauti, mbele ya nyumba ya mama mkwe, ili Ethel asikie, maana sikuthubutu kumpelekea mkononi. Alitoka. Hakunitukana. Aliniuliza tu, “Baba Lois, utasimama ukutani mpaka lini?”

Nimekwenda kwa Esha. Nilipiga hodi nikamwamkia, nami ni mkubwa kwake. Yuko tayari, amekwisha kufunga kanga zake, anangoja ruhusa yako. Lori linashuka kesho asubuhi na dereva amekubali kuwapakia yeye na Ethel. Nakuomba, waandikie madaktari wa pwani barua ya pili, kali kuliko ya kwanza, kwamba Basil asikaribie chumba kile, na kwamba Esha aketi sakafuni na yule mama muda wowote atakaotaka, hata muda wa kupika ugali mara kumi. Hayo mengine niliyoandika, ya kwanza hadi ya saba, pamoja na lile nililolifuta, yatie kwenye moto wa kuchemshia sindano. Vibati nitagawa. Nitagawa mpaka nife.

Na kama lori litaharibika, au Esha atazuiwa njiani, basi peleka karatasi hii hii kwa madaktari wa huko, uwaonyeshe mistari hii ya chini, maana haya ndiyo niliyotakiwa kuyasema mwaka juzi wakati wa palizi, na hayakuwa mengi. Mama mkwe wangu, Yuliana, haumwi kichwa. Anatoka damu. Ana uvimbe katika tumbo la uzazi. Anataka kupona.

Nimeandika mimi, mkwewe.